Ziara ya Bi Khole na Dunga: mizuka utauziwa, historia uidai mwenyewe

Pale Mji Mkongwe ziara hii ina majina mengi: ziara ya mizuka, ziara ya mahame, majumba ya wafalme shamba. Ukiyavua majina, safari ni ile ile. Nusu siku, gari moja, kituo cha kwanza magofu ya Bi Khole huko Bungi, cha pili gofu la Mwinyi Mkuu, kiongozi wa wenyeji wa zamani, huko Dunga, halafu mjini. Baadhi ya wauzaji hupachika shamba la viungo katikati. Kwa mwenyeji hilo likatae: linakula saa nzima, na aliyezaliwa Unguja hahitaji kulipia kuonyeshwa mdalasini.

Kwa wenye haraka: magofu yanastahili nauli, hadithi inayosimuliwa njiani haistahili. Lakini hadithi hurekebishika kwa maswali machache, na mtembezaji mzuri huyafurahia.

Bungi ndiko penye mambo, kwa hiyo tuanzie huko. Khole binti Said alikuwa mmoja wa mabinti wa Seyyid Said bin Sultan, mfalme aliyefariki 1856. Shamba lake lilikuwa Bungi, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa njia ya Tunguu, na jumba lake lilijengwa pwani ya magharibi. Kinachojulikana zaidi ni barabara yake ya miembe, mistari miwili ya miti mikongwe iliyopandwa pande zote za njia. Hata asiyewahi kulisikia jina la Khole amepita chini ya miembe hiyo akielekea Makunduchi au Jambiani.

Hadithi ya mtembezaji huanzia hapo hapo barabarani. Bi Khole, husimuliwa, alipenda vijana wazuri wa sura, na watumwa wa kupanda miembe aliwachagua mwenyewe kwa jicho hilo. Mwembe ukitoka nje ya mstari, aliyeupanda alipoteza roho. Kazi ilipokwisha, waliobaki nao wakauawa, ili siri ya bibi isivuke ukuta. Kisha sauti inashushwa: ndiyo maana usiku pale husikika kilio.

Anayeijua habari ya Rose Hall atadhani anasikiliza kanda ile ile imegeuzwa upande wa pili. Rose Hall ni jumba la shamba la miwa karibu na Montego Bay, Jamaika, lililojengwa katika karne ya 18. Hadithi yake inamhusu Annie Palmer, bibi wa Kizungu anayedaiwa kulelewa Haiti na kufundishwa uchawi huko. Inasemwa aliua waume watatu, akawafanya watumwa kuwa wapenzi wake, akawamaliza kila alipowachoka, mpaka naye akauawa ndani ya nyumba yake wakati wa uasi wa 1831. Leo jumba limekarabatiwa, mchana kuna ziara, usiku kuna ziara, na bidhaa inayouzwa hasa ni Annie.

Nyaraka zinasema mengine. Annie Palmer aliolewa na John Rose Palmer mwaka 1820. Mume huyo alifariki 1827. Annie mwenyewe alifariki 1846, yaani miaka 15 baada ya hadithi kumuua. Na kabla ya lawama kumwangukia yeye, zilikuwa za mwanamke mwingine wa nyumba hiyo hiyo, Rosa Palmer, aliyeolewa mara nne na kufariki 1790. Hadithi ilichapishwa Jamaika mwaka 1868 ikimlenga Rosa, kisha riwaya ya 1929 ikampa Annie sura anayojulikana nayo sasa. Jina lilibadilishwa, maiti wakaongezwa, biashara ikaendelea.

Kosa la hadithi hiyo halipo kwenye mizuka. Kosa ni kwamba uasi wa kweli umegeuzwa pazia la nyuma. Desemba 1831, katika mashamba ya eneo hilo hilo la Montego Bay, watumwa waligoma wakidai ujira, wakiongozwa na Sam Sharpe, shemasi wa Kibaptisti. Mgomo ukawa vita. Mamia walinyongwa au kupigwa risasi, Sharpe akanyongwa Montego Bay mwaka 1832, na mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834. Mgeni anaweza kutoka Rose Hall anajua chumba alichouawa Annie, ambamo hakuuawa, na asijue jina la Sharpe.

Bungi kuna hatari hiyo hiyo. Ukatili wote wa shamba unabebeshwa mwanamke mmoja mwenye tamaa, na mfumo mzima unapita bila kuulizwa. Kwa hiyo mtembezaji akifika kwenye "wakauawa wote", muulize mambo mawili. La kwanza: nani aliyeandika hayo, na lini? Akijibu kwamba ni masimulizi ya wenyeji, hilo ni jibu la haki, mradi alitamke hivyo. La pili: Khole anajulikana kwa nini zaidi ya miembe?

Jibu la swali la pili lipo. Ndugu yake kwa baba, Seyyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886, anamweleza Khole kama dada mzuri kupita wote nyumbani, aliyependwa na baba na kwa ajili hiyo kuonewa wivu. Mwaka 1859 dada hao wawili walikuwa upande wa kaka yao Barghash alipojaribu kumpindua kaka mwingine, Sultani Majid. Jaribio lilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na waliomsaidia wakabaki na sifa mbaya ndani ya ukoo. Mwanamke mzuri, mwenye mali yake, aliyeingia siasa na kushindwa: kwetu sisi hayo yanatosha kueleza kwa nini masimulizi yalimkalia vibaya. Hilo ni dhana yetu, msomaji aipime.

Mtembezaji bora ataeleza pia shamba lilivyokuwa linafanya kazi. Mkarafuu unahitaji mikono mingi wakati wa kuchuma, kwa sababu kikonyo lazima kikatwe kabla ua halijafunguka, na siku za kufanya hivyo ni chache. Likishachanua, thamani imekwenda. Ndiyo sababu Unguja na Pemba zilimeza watumwa wengi katika karne ya 19. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika uongozi wa zao hilo. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulifunga soko la watumwa na biashara ya baharini, lakini mtumwa wa shambani aliendelea kuwa mtumwa kisheria hadi 1897, na masuria hadi 1909. Tarehe hizo nne ziandike kwenye simu kabla ya safari. Mtembezaji anayesema "utumwa uliisha 1873" bila kuongeza neno, msahihishe kwa adabu.

Na kilio cha usiku? Komba. Unguja ina aina mbili za komba, na yule mkubwa hulia kama mtoto aliyeachwa peke yake, hasa penye miti mikubwa yenye mapango na matunda. Miembe ya miaka mingi ni nyumba yake. Ongeza bundi na popo wanaogombea maembe msimuni, gofu lolote litapata sifa. Kuna watembezaji wanaojua hivyo na hawasemi, maana komba halipiwi. (Wengine humchomeka na Popobawa. Popobawa, jini anayedaiwa kuvamia watu usiku, ni habari nyingine kabisa, ya Pemba 1995, na haina uhusiano na Bungi.)

Kuhusu jumba lenyewe, usitarajie paa wala sakafu. Ni kuta zilizobaki na mimea iliyopenya. Bila maelezo utamaliza kwa dakika kumi. Ukijua la kutazama, saa moja haitoshi. Tazama kwanza safu za matundu yaliyo sawa sawa juu ya ukuta. Hapo ndipo vichwa vya boriti za mikoko viliingia kubeba dari. Boriti ya kawaida haibebi dari pana kuliko mita mbili na nusu hadi tatu, ndiyo maana vyumba vya majumba haya ni vyembamba na virefu hata kama mwenyewe ni binti mfalme. Mahali penye uwazi mpana zaidi, tafuta nguzo au tao. Lazima palikuwa na kitu cha kubeba.

Kisha tazama ukuta uliovunjika kwa ubavu. Utaona ngozi mbili za mawe ya matumbawe, nje na ndani, na kiini cha kokoto, chokaa na udongo. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya kuni nyingi, kuzima kwa maji, na kuacha ikae miezi kabla ya kutumika. Ukuta wa namna hii ni imara maadamu umevaa plasta na kichwa chake kimefunikwa. Paa likiondoka, mvua inaingia juu, inalowesha kiini, udongo unashuka, ngozi mbili zinaachana, ukuta unatoa tumbo. Tumbo likionekana, ukuta huo uko njiani kuanguka, na mara nyingi huanguka baada ya masika, si wakati wa mvua yenyewe. Usiuegemee kwa picha. Mizizi ya mitini humalizia kazi: hushika mawe kwa miaka, ukaonekana ukuta umeimarika, siku mti ukikatwa ovyo na kuoza, mawe yanashuka nao.

Ukiona viraka vya saruji, hapo pana tatizo la aina nyingine. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na haipumui. Unyevu na chumvi hufungwa ndani, jiwe linalozunguka kiraka linakuwa unga, kiraka kinabaki kimesimama peke yake. Gofu la chokaa hukarabatiwa kwa chokaa.

Udongo ule wa kiini cha ukuta unatupeleka Dunga. Gofu hili liko katikati ya kisiwa, kwenye barabara ya Chwaka, na hapa ndipo panaposimuliwa kwamba watumwa walichinjwa ili damu yao ichanganywe na chokaa, ukuta upate nguvu. Mtembezaji akikuonyesha wekundu ndani ya ukuta kama ushahidi, tabasamu tu. Udongo mwekundu ulichanganywa kwenye kiini cha kuta za Unguja tangu zamani, na utauona hata kwenye nyumba za Mji Mkongwe ambazo hakuna aliyezizulia damu.

Lenye uzito ni kisima. Imeandikwa kwamba karne iliyopita, wakati wa Waingereza, kisima cha hapo kilikutwa na mifupa mingi ya watu. Hiyo haipuuzwi. Lakini mifupa kisimani haithibitishi damu kwenye chokaa. Kipindupindu kilipita Unguja mwaka 1858 na tena 1869 na 1870, kikaua watu wengi kuliko makaburi yalivyoweza kupokea, na ndui ilikuwa haitoki kisiwani. Mtembezaji anayetaja uwezekano wa mauaji na uwezekano wa maradhi, akaacha hapo, anastahili bahashishi nzuri.

Na Dunga haihitaji kutiwa chumvi. Jumba lilijengwa kati ya 1846 na 1856 na Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, kiongozi wa wenyeji wa Unguja, katika kipindi ambacho masultani wa Kiomani walikuwa tayari wameshika mji na biashara. Yeye alibaki na madaraka juu ya watu wake wa shamba, akiwakusanyia kodi na kutoa vibarua, sehemu ya mapato ikienda kwa Sultani. Alifariki 1865. Mwanawe Ahmed alifuata, akafa kwa ndui 1873, na cheo kikaisha naye. Ngoma na siwa (pembe za kifalme za kupuliza) za enzi zake, ambazo husimuliwa kwamba ngoma zililia zenyewe hatari ilipokaribia, zilihamishiwa makumbusho. Anayekuahidi kuziona Dunga anakudanganya. Wala usipange kwenda kuzitafuta Beit el-Ajaib, jumba la makumbusho la mjini, ambako sehemu ya jengo iliporomoka Desemba 2020. Kwa ukubwa, kilichobaki Dunga ni kidogo kuliko Bungi, na hapo dakika arobaini zinatosha.

Sasa mambo ya safari. Ondoka mjini saa moja na nusu asubuhi, anza Bungi, kwa sababu gofu la pwani lina mwanga mzuri kabla ya saa nne na mbu bado hawajakasirika. Kutoka Bungi hadi Dunga mpitishe dereva Tunguu. Kwa daladala inawezekana: ya Makunduchi (310) au Jambiani (309) kwa Bungi, ukimwambia konda mapema akushushe miembeni, ya Chwaka (206) kwa Dunga. Ila hakuna daladala ya kuunganisha vituo viwili moja kwa moja, na kutoka barabara kuu hadi magofu ya Bungi ni kutembea kwa njia ya udongo. Ukiwa na watoto au wazee, chukua gari.

Bei patana kwa gari zima, pamoja na muda wa kusubiri, siyo kwa kichwa, na ipatane kabla ya kupanda. Uliza kama kiingilio kimo ndani ya bei, na popote utakapotozwa kwenye gofu dai risiti. Magofu haya ni mali ya umma chini ya idara inayosimamia makumbusho na mambo ya kale. Mchezo unaojirudia kwa mapapasi, yaani madalali wa watalii wa mitaani, ni huu: gari linasimama chini ya miembe, hadithi inapigwa, picha zinapigwa, gari linageuka. Jumba hukuliona. Sema wazi tangu mjini kwamba unakwenda mpaka kwenye kuta, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya hapo.

Vaa viatu vya kufunika, siyo kandambili: jiwe la matumbawe lililochakaa ni kali, na majani huficha mashimo. Suruali ndefu ni lazima kwa sababu ya upupu, hasa mwisho wa masika magugu yanapokuwa yamekauka na manyoya yake yanaruka kwa upepo. Ukikupata usijikune, ondoa kwanza manyoya kwa utepe wa kunata au majivu makavu, ndipo uoge. Siafu hutembea njia hizo asubuhi baada ya mvua. Kisima chochote usikikaribie ukingoni, hata kama kimezungushiwa mawe, kwa sababu mawe ya mdomo wa kisima ndiyo ya kwanza kulegea.

Ukikuta kitambaa chekundu au cheupe kimefungwa mtini, chetezo, sarafu au chupa ya marashi mezani pa jiwe, hapo watu huweka nadhiri zao. Usiguse, usipige picha bila kuuliza, na usiruhusu mtoto aokote sarafu. Vigae vya kaure navyo viache. Kigae kikishaondolewa mahali pake hakimwelezi mtafiti kitu. Salamu kwa wazee unaowakuta kijijini huja kabla ya swali lolote, na "shikamoo" yako itakupa habari ambazo mtembezaji hana.

Ziara ya usiku hatuipendekezi kwa mtu yeyote, na sababu haina uhusiano na majini. Hakuna taa, kuta zina matumbo, njia ya kurudi barabarani ni ya kupapasa, na likitokea la kutokea hospitali iko mbali. Aliyeona Rose Hall usiku aliona nyumba yenye paa, sakafu na umeme. Bungi hakuna kimojawapo.

Mwenye siku ya pili asiongeze Mangapwani kwenye safari hii; iko kaskazini, njia tofauti kabisa, na chumba kile cha watumwa kilichochimbwa kwenye mwamba kinataka muda wake. Mwenye kwenda Pemba aombe Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, ngome ya Mkama Ndume. Nayo ina mtawala mkatili wa hadithi, aliyewafanya watu waburute mawe kwa kukalia makalio, na kisima kilichogawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane. Tofauti ni kwamba Pujini ilichimbwa na wanaakiolojia, ni ya karne kadhaa kabla ya Bi Khole, na chini ya ardhi kuna chumba chenye mchoro wa siwa ukutani. Hapo hadithi na ushahidi vinasimama pamoja, na mtembezaji hana budi kueleza vyote viwili.

Mvua ikianza ukiwa bado mjini, ahirisha Bungi na ubaki na Dunga, ambako gari linasogea karibu zaidi. Ikianza ukiwa Bungi, toka kwenye kuta kwanza, kisha ndipo utafute mwembe wa kujikinga, mbali na tawi lililokauka.